Kwaresima ya Kilima Kikubwa

Mume wangu, Januari Kapinga, alifanya kazi ya kuondoa theluji kwa miaka kumi na miwili. Majira ya joto alikata nyasi na kupaka rangi kuta za ngazi, lakini ukimuuliza kazi yake alijibu, "Mimi ni mtu wa theluji." Maghorofa manne ya mtaa wa Mount Dennis, hapa Toronto, yalikuwa chini yake. Aliamka kabla ya watu, akavaa suruali mbili, akachukua koleo na ndoo ya chumvi, ili wazee wanaokwenda kliniki na kina mama wanaokimbilia basi wasianguke. Aliijua theluji kama watu wa kwetu Mbinga wanavyoijua mvua. Kuna nyepesi inayopeperuka kama unga wa muhogo, kuna nzito ya mwezi wa tatu inayovunja mgongo, na kuna ile inayoyeyuka mchana ikageuka kioo asubuhi. Hiyo ya mwisho ilimwangusha mwaka 2005 akavunjika mkono wa kushoto, na mkono ule haukukunjika vizuri tena.

Nasema haya ili ieleweke kwa nini nilishangaa kwamba mtu wa namna hiyo alipenda mchezo wa theluji.

Alitangulia yeye Kanada, Septemba 2001. Mimi nilibaki Mbinga na binti yetu Clara, ambaye alikuwa na miaka mitatu. Karatasi zetu zilichukua karibu miaka mitatu mingine. Kila Jumapili alipiga simu kwa dada yangu, nami nilikuwa nimeshafika pale nangoja. Jumapili moja ya Februari 2002 hakuuliza habari za mtoto wala za kahawa yetu shambani.

"Mama Clara," akasema, "nimeona watu wanaruka."

"Wanaruka wapi?"

"Hewani. Wamefunga mbao ndefu miguuni. Wanateremka kilimani, halafu kilima kinaisha, wao wanaendelea."

Nikamuuliza kama anakula vizuri. Simu ilipokatika nilimwambia mama yangu kwamba baridi imemfika mume wangu kichwani, na jioni ile tulimsalia rozari nzima.

Kumbe ilikuwa Olimpiki ya majira ya baridi, iliyofanyika Marekani mwaka ule. Januari alikuwa amepanga chumba cha chini ya ardhi kule mtaa wa Jane na Finch, na mpangaji mwenzake alikuwa na televisheni. Kulikuwa na kijana Mswisi, mwembamba, amevaa miwani, ambaye watu hawakumtegemea. Akashinda kilima kidogo, akashinda na kikubwa. Mimi habari hizo nilizisikia mara nyingi sana baadaye, lakini niseme kweli, nilikuwa nazisikia kwa sikio moja. Sikujua hata kwamba vilima ni viwili.

Tulipofika Toronto mwaka 2004, Clara na mimi, aliturudia taratibu kama mtu anayekaribisha wageni wa heshima. Alikuwa amezoea kukaa peke yake. Nilipata kazi ya kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, nikawa natoka alfajiri narudi nimechoka. Michezo ya Italia ilipokuja mwaka 2006, aliniita kutoka sebuleni.

"Mama Clara, njoo ukae. Dakika tano tu."

"Nakuja."

"Huyu anayefuata ni mzuri sana."

"Nakuja, nageuza samaki."

Sikuwahi kwenda. Nilipita nikiwa na kapu la nguo, nikaona mtu amekaa juu ya boriti nyembamba kule kileleni, mbao zake zinaning'inia. Nikauliza, "Sasa huyu mbona haruki?"

"Anangoja taa. Upepo ukiwa mbaya wanamrudisha nyuma, anangoja tena."

"Na wewe unapenda nini hapo?"

Alifikiri. "Napenda kwamba hamtukani mtu. Wanamwambia rudi, anarudi. Wanamwambia njoo, anakuja. Halafu taa ikiwa ya kijani anajiachia, hata haulizi."

Nikaenda kukunja nguo zangu. Nilidhani anazungumzia mchezo.

Mwenzake wa kutazama naye alikuwa Akberali, Mwismaili aliyezaliwa Mwanza na kuja huku tangu miaka ya sabini. Alikuwa fundi wa televisheni, na duka lake lipo Scarborough kati ya saluni na mgahawa wa Kitamil. Januari alimpelekea televisheni mbovu, Akberali akamsikia akilalamika kwa Kiswahili, na tangu siku hiyo urafiki haukukatika. Kutoka kwetu mpaka kule ni basi, treni, na basi lingine, karibu saa mbili. Januari alikwenda kwa sababu dukani kwa Akberali televisheni sita huwaka kwa pamoja. "Mrukaji mmoja," alisema, "anaruka mara sita."

Mwaka 2010 michezo ilikuja Kanada yenyewe, kule Vancouver. Ni mbali, kwa basi ni siku kadhaa, na hatukufikiria kwenda. Lakini kwa Januari ilitosha kwamba theluji ile ni ya nchi anayoifagilia. Na yule Mswisi wa miwani alikuwa amerudi, sasa mtu mzima. Januari aliomba ruhusa kazini tangu Novemba.

Jumamosi tarehe kumi na tatu Februari alikwenda Scarborough. Alirudi jioni nikamsikia tangu kwenye korido, anaimba wimbo wa Pasaka wakati hata Kwaresima haijaanza.

"Ameshinda! Mama Clara, miaka minane, ameshinda tena!"

Alimwinua Clara, msichana wa miaka kumi na moja, akamzungusha sebuleni mpaka akagonga taa. Nilifurahi kwa ajili yake. Nikajiambia: haya, imekwisha salama.

Kesho yake ilikuwa jumuiya. Sisi Wakatoliki wa Kiswahili wa upande ule tuna jumuiya ndogo ndogo kama za nyumbani, tunakutana nyumba kwa nyumba, Watanzania, Wakenya na Wakongomani. Mwenyekiti ni Phyllis, Mkenya, mama asiyezunguka maneno. Yeye ndiye aliyeanzisha desturi ambayo sijaisikia mahali pengine. Zamani kila mtu alijichagulia cha kuacha katika Kwaresima, na Phyllis akagundua kwamba Mzee Elias ameacha pombe miaka mitatu mfululizo, ilhali Mzee Elias hajawahi kuonja pombe tangu kuzaliwa. Phyllis akasema basi, tusidanganyane mbele ya msalaba. Kuanzia siku hiyo mke anamchagulia mume, mume anamchagulia mke, na asiye na mwenzi anachaguliwa na rafiki. Mshumaa unawashwa, jambo linatajwa kwa sauti, aliyechaguliwa anasema "Nimepokea," na Phyllis anaandika kwenye daftari.

Januari alianza. "Mama Clara apunguze sukari kwenye chai. Viwe vijiko viwili badala ya vitatu."

"Apunguze?" Phyllis akadakia. "Haki, huyu anamwonea bibi huruma! Hiyo ni Kwaresima ama ni ushauri wa daktari?"

Watu wakacheka. Nikapokea. Ikafika zamu yangu, na mimi sikusita, kwa sababu nilikuwa nimewaza njia nzima. Kila jioni Januari alikaa mbele ya taarifa ya habari mpaka chakula kikapoa. Nilitaka siku arobaini za kuongea na mume wangu. Na michezo yake, nilivyojua mimi, ilikuwa imekwisha jana.

"Baba Clara aache televisheni," nikasema. "Yote. Mpaka Pasaka."

Alitazama mshumaa. Phyllis aliinua kalamu na kumwangalia.

"Nimepokea," akasema.

Kwenye basi aligeukia dirisha. Nilidhani amenuna kidogo, kama wanaume wote wa jumuiya siku ile. Jumatano ya Majivu ikapita. Jioni tulikaa mezani, akanisimulia mambo ya zamani ya Mbinga ambayo sikuyajua, na nikajisifu moyoni kwamba nilichagua vizuri.

Ijumaa mchana nikiwa nyumbani simu ikalia. Alikuwa Akberali.

"Shemeji, yule mzee wako yuko wapi? Simu yake imezimwa. Leo ni mchujo, kesho fainali."

"Fainali ya nini? Si iliisha Jumamosi?"

"Iliisha ya kilima kidogo! Kesho ni kilima kikubwa." Akacheka. "Kilima kidogo ni chai, shemeji. Kikubwa ndiyo pilau. Mtu gani anakunywa chai akaondoka kabla ya pilau?"

Nilikaa chini pale pale. Nilikumbuka jinsi alivyoutazama mshumaa.

Januari aliporudi sikumpa hata nafasi ya kuvua viatu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kukuambia nini?"

"Kwamba kuna kilima kingine!"

Alivua kiatu kimoja, akakaa na cha pili mguuni. "Nilikuambia mwaka 2002. Nilikuambia mwaka 2006."

"Ungesema pale pale kwa Phyllis!"

"Niseme nini mbele za watu? Kwamba mke wangu amekosea?"

Nikampigia Phyllis, na sauti yake ikasikika chumba kizima. "Wewe ndiye ulimfunga, si umfungue? Mungu si askari wa trafiki, Mama Clara. Mwambie mzee aangalie mchezo wake, Jumapili arudi kundini."

Nikashusha simu. "Umesikia?"

"Nimesikia. Lakini sikumwambia Phyllis nimepokea."

"Baba Clara, mimi nimekosea. Nakuomba."

Ndipo aliponiambia jambo ambalo kwa miaka sita ya kuishi naye Toronto hakuwahi kunieleza. Katika ile miaka ya kungoja karatasi, maombi yetu yalikataliwa mara moja, naye hakunijulisha ili nisife moyo. Siku ile alikwenda kanisani akapiga magoti akamwambia Mungu: ukiniletea hawa wawili, neno nitakalokupa sitalirudisha, liwe dogo au kubwa.

"Akawaleta," akasema. "Sasa nilirudishe neno langu kwa ajili ya televisheni?"

Nililala nikimwomba Bikira Maria anionyeshe njia ya kutengeneza nilichoharibu, maana mtu wangu alikuwa amengoja miaka minne, na mimi ndiye niliyefunga mlango.

Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, Akberali alibisha hodi. Alikuja na bhajia kwenye mfuko na maneno mengi.

"Kapinga! Mungu gani huyo anayemnyima mtu kuangalia wenzake wakiruka?"

"Mungu yule yule uliyemwomba asubuhi," Januari akajibu. "Kaa chini."

"Usijali. Nimetega mashine dukani inarekodi yote. Baada ya Pasaka utaangalia."

"Ahsante. Lakini hiyo ya kurekodiwa, unaiangalia na huku unajua mtu ameshatua."

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni, ameelekea dirisha, mgongo kwa sebule, sinia la maharage magotini anachagua mawe. Jiko na sebule yetu ni chumba kimoja. Nikasimama katikati, na sijui wazo lile lilitoka wapi kama si kwa Mama Maria.

"Nilikukataza kuangalia," nikasema. "Sikukukataza kusimuliwa."

Akberali akapiga makofi. "Wakili! Basi mimi nitamsimulia, najua kila kitu."

"Hapana," Januari akasema bila kugeuka. "Anisimulie huyu. Na zimeni sauti, nisije nikaiba."

Nikawasha, nikazima sauti, nikakaa mbele ya mchezo ule kwa mara ya kwanza katika maisha yangu.

"Haya. Kuna mtu juu. Amekaa kwenye boriti."

"Wa wapi?"

"Sijui. Bendera nyeupe na nyekundu."

"Ziko nyingi hizo. Nyeupe iko juu?"

"Juu."

"Mpolandi. Taa?"

"Nyekundu. Nyekundu. Kijani! Amejiachia. Anateremka, amechuchumaa kama abiria anayechimba dawa kichakani..."

Akberali akapaliwa na chai. Mabega ya Januari yakacheka.

"Ameruka! Amelala juu ya mbao zake, kifudifudi, mbao zimeachana kwa mbele. Bado yuko. Bado. Ametua, mguu mmoja mbele, mikono ameinyoosha kama Padre anaposema Bwana awe nanyi."

"Vizuri sana huyo. Hapo waamuzi wanatoa alama. Amepita mstari?"

"Mstari upi?"

"Shemeji," Akberali akasema, "uliochorwa kwenye theluji. Huo hapo, mkubwa kama barabara."

"Amepita! Na wanawake zamu yao saa ngapi?"

"Hawamo," Januari akasema.

"Kwa nini?"

"Hawajaruhusiwa kwenye Olimpiki."

"Nani kawakataza?"

"Mama Clara, taa!"

Tulikwenda hivyo saa nzima na zaidi. Niliwachanganya Waaustria na Wajerumani, nilisema mmoja ameanguka kumbe alikuwa anavunja mwendo, na Akberali aliguna kila nilipokosea mpaka Januari akamwambia anyamaze au aende kula bhajia kwenye ngazi. Maharage yalikwisha kuchaguliwa, naye akaanza kuyachagua upya.

Duru ya pili anayeongoza ndiye anayeruka mwisho. Nilipoona msalaba mweupe kwenye nyekundu, nilisogea karibu na televisheni.

"Ni yeye," nikasema.

Januari aliweka sinia chini.

"Amekaa. Anarekebisha miwani ya theluji. Taa ni nyekundu. Anangoja." Nikamsikia mume wangu akipumua. "Kijani. Amejiachia."

Halafu nikasahau kusema. Sina maelezo mengine. Yule mtu alitoka kwenye ukingo wa kilima, akalala hewani, chini yake miti na watu wadogo wadogo, na hakuna kilichomshika. Nilikuwa nimepita mbele ya jambo hilo miaka sita nikiwa na makapu ya nguo.

"Mama Clara."

Sikuweza.

"Mama Clara, yuko wapi?"

"Juu," nikasema.

Alitua. Nikapiga kelele, Akberali akapiga kelele, Clara akatoka chumbani akiuliza kwa Kiingereza nani amekufa. "Ametua, Baba Clara! Amepita! Anashika kichwa, hata yeye haamini!"

Januari hakugeuka. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na mtu ukimwona kwa mgongo huwezi kujua anacheka au analia. Sikumuuliza siku ile, na sikumuuliza baadaye.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona."

"Basi."

Baada ya Pasaka Akberali alileta ile diski kwa heshima zote, imefungwa kwenye karatasi ya zawadi. Tukaketi wote wanne. Wakatokea watu wanasukuma mawe kwenye barafu, na wengine wanafagia mbele ya mawe kwa mifagio. Tukangoja. Saa nzima ni mawe na mifagio. Alikuwa ametega chaneli nyingine.

"Fundi wa televisheni miaka thelathini!" Januari akasema, machozi yanamtoka kwa kucheka. "Thelathini!"

Clara akamwambia ataupata ule mruko kwenye kompyuta. Alikataa. "Nimeshasimuliwa," akasema.

Nimelifikiria jibu hilo sana. Kuna siku linanifariji. Kuna siku nyingine nasema alikuwa anaificha aibu yangu tu, kama alivyoificha ile barua ya kukataliwa. Wakati ule sikuwa na haraka ya kujua. Tulisema mwaka 2014 tutaangalia pamoja, mimi na yeye, uso kwa televisheni.

Mungu alimchukua tarehe nane Oktoba 2013. Ni moyo. Alilazwa Jumamosi, tukasali naye Jumapili, Padre akampaka mafuta, na Jumanne hakuamka. Alikuwa na miaka hamsini na mitano. Tulimzika huku huku, si Mbinga. Wapangaji wa maghorofa yake manne walikuja, wengine sikuwajua hata majina, na bibi mmoja wa Kijamaika alishika mkono wangu akasema miaka tisa hakuwahi kuteleza.

Februari iliyofuata michezo ilikuwa Urusi. Akberali alinipigia, na nilimsikia akihangaika kutafuta neno. "Shemeji, duka liko wazi," akasema. Nikapanda basi, treni, na basi lingine. Televisheni sita zilikuwa zinawaka. Mswisi wetu alikuwepo, umri umemfika, hakupata medali. Mwaka ule wanawake waliruhusiwa kuruka kwa mara ya kwanza, nami niligeuka upande kumwambia Januari, nikaona rafu ya rimoti. Nimekuwa mjuzi wa jambo ambalo sina wa kulizungumza naye. Najua upepo wa mbele unamsaidia mrukaji na wa nyuma unamwangusha. Naijua mistari. Naweza kusimulia sasa, bila kuchanganya bendera.

Jumapili ya kabla ya Majivu jumuiya ilikutana kwangu. Phyllis aliwasha mshumaa akafungua daftari, wakachaguliana, watu wakacheka kama kawaida, lakini kwa sauti ya chini. Alipofika kwenye jina langu alisimama. Nikaona ameandika jina la Januari kwa mazoea, kisha amelikata kwa mstari mmoja.

"Mama Clara," akasema taratibu, "asiye na mwenzi anachaguliwa na rafiki. Nikuchagulie?"

"Mwaka huu siachi kitu, Phyllis."

Mzee Elias akakohoa.

"Hata kadogo?"

"Sina. Kilichokuwepo kimeshachukuliwa, na mimi sikuulizwa."

Phyllis hakuandika, akaenda kwa jina linalofuata. Walipoondoka, Clara aliosha vikombe. Ana miaka kumi na mitano sasa, na Kiswahili anakisikia kuliko anavyokisema. Siku ile alikisema.

"Mama, umemkasirikia Mungu mbele ya watu."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo Jumatano hatuendi kupakwa majivu?"

"Tunaenda. Kwani nimesema nimehama?"

Tulikwenda. Watu walikuwa wengi, tukasimama nyuma karibu na mlango. Baada ya majivu nilipiga magoti nikafunga macho, nikamwambia Mungu kwamba namtaka mume wangu. Nilirudia hivyo hivyo mpaka misa ikaisha, kwa maana sikuwa na sala nyingine.